Karani Aliyejibu Kila Barua

Hapa kwetu Remera watu walimwita Karani, na mimi nilimwita hivyo mpaka nilipoacha kumwita kabisa. Ua wake na wangu ulikuwa mmoja, ule wa minyaa, ukiukata unatoa maziwa yanayochoma macho. Miaka karibu thelathini tumekaa hivyo, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nikisema ninamjua, sikusimuliwa. Nilijua kikohozi chake. Nilijua siku ambayo maharage ya mkewe yameungua. Nilijua anavyopiga kompyuta yake kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Kwa hiyo msinitake nianze na huruma. Nitaanza na ninayoyajua, huruma ikija itanikuta hapa hapa.

Alikuwa mrefu, mkavu, shingo kama ya korongo. Koti halikumtoka mwilini. Hata siku ya umuganda, Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima tunatoka kufyeka na kuzibua mitaro, yeye alikuja na koti, jembe begani, na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Nilimuuliza siku moja kalamu za nini kwenye matope. Akaniambia, "Mama Aline, mtu hajui lini ataombwa sahihi." Hakuna aliyewahi kumwomba sahihi kwenye mtaro.

Kazi yake yote ya ujana na utu uzima ilikuwa posta. Si mkubwa wa posta, hapana. Alikaa nyuma, kwenye chumba cha kupanga barua, akasoma bahasha na kuzitupa kwenye visanduku. Ndiyo maana aliijua nchi hii kuliko madereva, na alikuwa hajatembea hata robo yake. Ukimtajia kilima, atakuambia paroko aliyekaa pale, duka lililokuwa njia panda, na mwalimu aliyeandikiwa na mwanamke kutoka Goma kila mwezi mpaka mke wa mwalimu akaja posta mwenyewe na fimbo. Watu hakuwajua sura. Aliwajua kwa mwandiko.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Aliyeandika anasubiri." Aliusema kama watu wengine wanavyosema amina. Kwake barua isiyojibiwa ilikuwa dhambi, tena si dhambi ndogo ya kuungama na kwenda zako. Alisema mtu aliyeandika amekaa mlangoni pako, umemwona dirishani, na umenyamaza.

Basi serikali ilipopanga upya wilaya na tarafa, majina mengi ya zamani yalitoka kwenye vibao. Kilima kipo, watu wapo, lakini sekta imepewa jina jingine na watoto wanajifunza hilo jingine. Wengine tulizoea. Karani alikasirika kama mtu aliyeibiwa mbuzi. "Kesho mtu ataandika barua kwenda mahali pasipokuwepo," alisema. "Itakwenda wapi?" Nikamwambia siku hizi hakuna anayeandika barua. Akanitazama kama nimemtukania mama.

Halafu kukaja mafunzo ya kompyuta kwa wastaafu, pale karibu na uwanja wa mpira. Wazee wenzake walikwenda kwa ajili ya chai. Yeye alikaa mbele. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo mimi nilielezwa mara tatu kabla halijaingia: kwamba mtu anaweza kujichukulia jina kwenye mtandao, likawa kama mlango wake. Ukiliandika kwenye simu, popote ulipo duniani, linakupeleka kwa mwenyewe. Akishalichukua mmoja, hakuna mwingine anayeweza kulishika. Ila halinunuliwi likaisha. Linalipiwa kila mwaka, kama kibanda cha soko. Usipolipa, linaachwa wazi, na wa kwanza kupita analibeba.

Karani akachukua vilima. Kumi na moja. Majina ya kale yaliyotoka kwenye vibao, akayaweka kwenye mtandao kwa pesa yake ya uzeeni, moja moja. Hakuweka kitu ndani. Ukibonyeza, unakuta ukurasa mweupe na maneno kwamba kilima hiki kina mwenyewe. Ndiyo hayo tu. Mkewe alisema, "Wenzangu waume zao wakistaafu wananunua ng'ombe. Wa kwangu amenunua milima, na hata nyasi siwezi kukata."

Kilima chetu kilikuwa miongoni mwa hivyo kumi na moja. Jina lake sitalitaja hapa, kwa sababu si letu tena.

Nilitoka kwenye kilima hicho mgongoni mwa mama yangu, tukavuka mto, nikakulia Bujumbura, Buyenzi, ambako nilipata Kiswahili changu hiki na vidonda vyangu vingi. Shule nilikaa miaka mitatu. Lakini kila asubuhi mama alikoroga uji wa mtama mwekundu, akanipa bakuli na kusema, "Huu ni wa kule," akataja jina. Sikuwa na picha ya kule. Nilikuwa na uji. Karani aliponiambia amelichukua jina lile ili lisipotee, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, halafu nikampelekea chupa ya maziwa ya mgando. Hilo nalo ni la kweli, na ninalisema ingawa linaniuma.

Sasa nije kwenye barua zake.

Mtu akiwa na jina kwenye mtandao, jina lake mwenyewe na anwani yake vinaonekana, au angalau zamani vilionekana. Basi zikaanza barua za kuomba kununua. Mwanzoni moja kwa juma. Baadaye kila siku. Baadaye zikawa kama inzi kwenye bucha. Mjukuu wangu Keza, binti wa Aline, ambaye amesomea mambo hayo mpaka chuo kikuu na ninajivunia hata mkitaka kucheka, alinieleza. "Bibi, hizo barua hazimwandikii yeye. Ni mashine. Inazunguka na orodha ya watu wote wenye majina, inawatumia maneno yale yale. Watu elfu na elfu."

Nikaelewa mara moja. Ni kama yule mtu wa sumu ya panya anayepita na pikapu na kipaza sauti. Hajui kama una panya. Hajui hata kama una nyumba. Anapiga kelele, atakayetoka ametoka.

Karani alitoka kila mara.

Kila asubuhi baada ya misa alikaa dirishani, koti limefungwa vifungo, akajibu. Mtu wa kwanza, wa pili, wa ishirini. Aliwauliza habari za nyumbani. Aliwaeleza kilima kilivyo, mvua zake, kilichokuwa kinalimwa. Keza alimwambia kwa adabu kupitia uani, "Karani, usiwajibu, ukijibu wanajua upo, wanakuletea nyingine mia." Akasema, "Mwanangu, mimi nipo. Kwa nini nijifiche?"

Na jinsi alivyojibu ndiyo habari yenyewe. Hapo inabidi niwaeleze kazi yake ya pili, ile iliyompa jina zaidi ya posta.

Kwetu watu wakienda kuomba mchumba, ile tunayoita gusaba, hawaingii wakaomba wakapewa. Kila upande una msemaji wake. Wa upande wa binti kazi yake ni kukataa. Wageni wamekaa, vinywaji viko, nyimbo ziko, binti yuko chumba cha pili anasukwa, na huyu mzee anasimama anasema hapa hakuna binti. Wageni wanaomba tena. Anawakatalia tena, anawategea vitendawili, anadai babu yao aliwahi kuiba jembe. Watu wanakufa kwa kucheka. Mwisho anakubali. Karani alikuwa msemaji wa upande wa binti kuliko wote Remera, na watu walikuja kumchukua mpaka kutoka Ndera na Gahanga.

Harusi ya Aline wangu alisimama yeye. Ninaikumbuka kama jana. Wakwe wamekuja na mabasi mawili. Msemaji wao akaomba vizuri. Karani akavua miwani, akaifuta, akawatazama kama watu wa kuuza bima.

"Hapa hakuna binti wa jina hilo," akasema. "Kuna ng'ombe wawili na mzee mwenye mafua. Ninyi ni akina nani, na nani amewatuma?"

Saa mbili nzima. Shangazi wa bwana harusi alitokwa na machozi ya kweli akidhani wanafukuzwa. Alikuwa amekulia Uganda na mambo haya aliyasahau. Karani alipokubali mwishoni, watu walipiga vigelegele mpaka walinzi wa jirani wakaja kuangalia. Baadaye nilimuuliza kwa nini aliwatesa vile. Akasema, "Kitu kilichotolewa mara ya kwanza, kesho wataona kilikuwa kimelala njiani. Neno la kwanza ni la kupima miguu. Anayeondoka baada ya kukataliwa mara moja hakuja kuoa, alikuja kunywa."

Basi mkishajua hilo, mnajua alivyojibu wale wa mtandaoni. Aliwakatalia. Kwa heshima zote, mara ya kwanza, aliwakatalia na kuwauliza ni akina nani na nani amewatuma. Kisha akakaa kuwasubiri warudi.

Hawakurudi. Mwaka mzima. Akawa anatikisa kichwa, anasema dunia imekosa malezi.

Mpaka ilipokuja ile barua ya jumla. Mtu fulani, au kampuni fulani, sijui, aliandika kwamba anataka kununua majina yote kumi na moja kwa pamoja. Karani alikuja mwenyewe mpaka uani kunisomea. "Kwa jumla, Mama Aline! Vilima, kwa jumla! Kama mkungu wa ndizi!" Akawajibu kurasa mbili. Akawauliza kama kwao watu huoa dada kumi na moja siku moja.

Juma moja likapita, barua ikarudi. Maneno yale yale, nukta kwa nukta. Mtu mwingine angeona mashine. Karani aliona ustahimilivu. "Wamerudi!" akaniambia, na sikuwahi kumwona na uso ule. Akakataa mara ya pili, kwa utamu zaidi. Juma la tatu, ikarudi. Akakataa, lakini akawarushia kitendawili. Juma la nne ikarudi tena, maneno yale yale, na Karani akaona sasa watu wamejionyesha. Akaandika kukubali. Si kukubali kuuza, sikilizeni: kukubali kuwapokea. Aliwaalika waje wazungumze kama watu. Aliweka siku. Mkewe alipika. Viti vilitolewa uani, vile vyeupe vya plastiki, sita. Karani alikaa na koti na kofia kuanzia saa nne asubuhi, akitazama barabara.

Saa kumi alasiri mkewe alianza kurudisha viti ndani kimoja kimoja.

Sasa ninafika pabaya, na pabaya pangu mimi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa umuganda. Tuko mtaroni, wanawake huku, wanaume kule, na habari ya viti sita ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Karani akaja na jembe lake. Mimi nina mdomo, sikatai, mdomo huu umenilinda Buyenzi na umenilinda hapa. Nikapaza sauti: "Karani! Bwana harusi amefika, au ameshindwa kupanda kilima?"

Mtaa wote ulicheka. Kiongozi wa mtaa alicheka mpaka akashika kiuno. Nami nikaona nimechekesha, nikaongeza, "Mwambie aje na lori, mzigo ni wa jumla!"

Karani aliinua kofia kidogo, akainama kulima. Kuanzia siku ile, kwangu ilibaki ile kofia. Asubuhi kofia, jioni kofia. Hakuja tena uani kusoma.

Mtu atasema: wewe si ungemwomba radhi? Msemaji huyo hanijui. Mimi nimeomba mara nyingi maishani, nimeomba chakula, nimeomba pa kulala, nimeomba kibali kwenye dirisha la kutolea karatasi. Niliporudi nchi hii nilijiapiza siombi tena mtu kitu. Na radhi ni kitu.

Karani mwenyewe alikuwa na mengi ya kukasirisha, lazima niyaseme nisije nikaonekana mimi tu ndiye mwenye sumu. Aliwaandikia wageni wa China na wa wapi kurasa tatu za heshima, lakini jirani akigonga lango mchana alimwacha asimame mpaka amalize sentensi. Dada yangu alipoandika kutoka Bujumbura, Karani ndiye aliyenisomea barua miaka yote, kwa sauti nzuri, hata mistari ya aibu aliisoma bila kukohoa. Lakini alinirekebishia majibu yangu kwa kalamu nyekundu! Nikisema mwandikie "mjinga wewe mbona hukuniambia", yeye anaandika "nimesikitika kutofahamishwa". Dada yangu alidhani nimekuwa mtawa. Alikuwa mtu wa aina hiyo. Anakusaidia, na unaondoka umefura.

Na alikuwa mwepesi kudanganywa, yeye aliyejiona anapima miguu ya watu. Mmoja wa wale wanunuzi alirudi kweli, mtu, si mashine. Akamwambia ninanunua, ila kwanza unahitaji cheti cha kuonyesha thamani ya jina, ukilipe pale na pale. Karani alikilipia. Cheti kikaja kizuri, na mhuri wa dhahabu. Mnunuzi hakuonekana tena. Halafu zikaja nyingine zikisema lipa leo, jina lako linakufa, bonyeza hapa. Nazo zilikuwa za wezi, Keza alimthibitishia. Hapo ndipo alipobadilika. Akasema anayemtisha mtu kwa saa si mnunuzi, ni mwizi, na kuanzia sasa barua yoyote inayosema lipa haraka haifungui. Macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alisoma vichwa vya barua tu, tena kwa kioo kikubwa.

Sasa Keza. Huyu mtoto alimaliza chuo, akakosa kazi mwaka na nusu, hakukaa kulia. Alinitazama nikipepeta mtama, akasema, "Bibi, uji wako tuuweke kwenye mifuko." Nikacheka. Yeye hakucheka. Tukaungana wanawake watano, tukapata mtama mwekundu wa Ndera, tukauanika, tukausaga, tukaufunga. Watu wetu walio nje, Ubelgiji, Kanada, wanaulilia uji huu kama watoto. Keza akasema tuuite kwa jina la kilima, jina lile ambalo mama yangu alilitaja kila asubuhi, na tuwe na mlango wetu kwenye mtandao wenye jina lile lile, watu wauagize. Nikaweka ungo chini.

"Tatizo," akasema, "jina analo Karani."

"Bibi, ninyi mnajuana. Nenda umwombe. Ni hatua ishirini."

"Mimi siombi."

"Bibi."

"Mwandikie. Si anapenda barua? Mwandikie."

Keza akaelekeza kidole kwenye minyaa. "Kwa mtu aliye nyuma ya ua?"

"Mwandikie, nimesema!"

Akaandika. Kwa Kiingereza, kama watu wa kazi zake wanavyoandikiana, na chini akaweka jina lake na la kikundi chetu. Siku mbili tu jibu likarudi. Nilikuwa natwanga. Nikamwona Keza ameshika simu, uso umemshuka.

"Amesemaje?"

"Amekataa, Bibi."

"Amekataa vipi?"

"Amekataa tu. Anasema hatujui."

Hatujui! Mtoto aliyekua akipita mbele ya lango lake! Mjukuu wa mwanamke aliyempelekea maziwa! Nilirusha mchi. Niliyoyasema siku ile kupitia uani sitayarudia, lakini minyaa yenyewe ilisikia. Upande wa pili kidole kimoja kilikuwa kinadonoa kompyuta, kikasimama, kikaendelea.

Tukaupa uji jina jingine, jina la kutafuta tu, linalofanana na la sabuni. Ulikwenda, si sana. Watu wa nje waliandika kuuliza ni uji wa wapi. Na miaka miwili mimi na Karani hatukusalimiana. Alipoinua kofia niligeuka nikatazama barabara. Jirani mmoja aliwahi kuniambia kwamba Karani alimuuliza, "Mama Aline bado hajaja?" Nikamjibu kwamba atasubiri mpaka ng'ombe aote meno ya juu. Sikujiuliza alikuwa akisubiri nini. Nilidhani anasubiri radhi.

Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, Keza aliingia jikoni akaniwekea simu mbele ya uso. Jina la kilima chetu, na chini yake maandishi makubwa kwamba jina hili linauzwa, na bei ambayo hata tukisaga mtama mpaka Keza aote mvi hatuifikishi.

"Ameliuza," nikasema.

"Sijui, Bibi. Labda ni—"

Sikusubiri labda. Nilikwenda zile hatua ishirini kwa kanga na unga mikononi. Mkewe akanifungulia lango, akashtuka, kisha akafanya uso wa furaha ambao sikuuelewa. "Karibu, karibu dada! Umekuja! Ngoja nimwambie umekuja!"

Karani alikuwa sebuleni, dirishani pale pale. Amekonda, koti limemzidi. Macho yamefunikwa na kitu cheupe kama ute wa yai. Aliposikia sauti yangu alisimama, akapapasa vifungo vya koti, akavifunga vyote.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mpe kiti mgeni."

"Sikuja kukaa. Umeliuza jina letu."

"Jina lipi?"

"Usinichezee, Karani! Kilima changu. Keza ameliona kwenye mtandao, linauzwa na watu wasiojulikana. Ulitukatalia sisi, ukawapa wao!"

Alikaa chini polepole. Akaivuta ile kompyuta, akaweka uso karibu nayo mpaka pua ikagusa. Akaandika kwa kidole kimoja. Aliandika jina, nikamwona anataja herufi midomoni. Akatazama. Akafuta, akaandika tena, kama mtu anayedhani amekosea nyumba.

"Mama," akamwita mkewe, "zile barua zilizosema lipa ada ya mwaka. Kulikuwa na nyingi?"

"Zilikuwa nyingi siku zote," mkewe akasema. "Ulisema ni za wezi."

"Nilisema."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga barabarani, na hakukuwa na pa kuyaweka. Nikasema tu, "Ungetupa sisi, lisingepotea."

"Nilikuwa nawasubiri," akasema.

"Ulitukatalia!"

"Mara ya kwanza." Alinigeuzia yale macho meupe. "Mama Aline, nilikataa mara ya kwanza tu. Mjukuu wako aliandika vizuri. Nilifurahi. Nilimwambia mke wangu, sasa wamekuja wenyewe, wa kilimani, si wale wa mashine. Nikamjibu kwa lugha aliyoniandikia, inavyotakiwa. Nikamwambia: hapa hakuna jina hilo, kuna ng'ombe wawili na mzee mwenye mafua. Ninyi ni akina nani, na nani amewatuma?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi.

"Nilijua atakuletea wewe maneno yangu," Karani akasema, "na wewe utakuja. Mwenye binti hawafuati wachumba barabarani, unajua. Ningewapa bure. Hata vinywaji tulikuwa tumeweka."

Nilikaa kwenye kile kiti. Sikumbuki kukaa, ninakumbuka kuinuka. Nilimwambia, "Haya, Karani." Akainua mkono kichwani, kofia haikuwepo, akaushusha. Mkewe alinisindikiza mpaka langoni akasema nirudi, nikasema nitarudi. Karani alikufa kabla ya kiangazi. Nilikwenda kumzika, nikasimama nyuma, na msemaji wa maziko alisema marehemu alipenda sana barua.

Siku ile niliporudi kutoka kwake Keza alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri. Ni mtoto mwerevu. Angejua, kama ningemwambia maneno yale yote, kwamba barua ilikuwa mlango wazi, na kwamba mtu mmoja tu nyumbani humu angeyatambua yale maneno kama angeuliza asomewe, na kwamba mtu huyo aliombwa atembee hatua ishirini akasema haombi.

"Bibi, amesemaje?"

"Amekataa," nikamwambia. "Mzee yule ana roho mbaya tangu zamani. Lete ungo."